Tuta la Mvivu

Jina ni jepesi kutolewa na zito kubebwa. Mtu hulitoa kwa pumzi moja akaenda zake, na aliyepewa hulichukua maisha yake yote, pengine akawarithisha watoto wake. Kazi za watu nazo hupewa majina, na aghalabu watoaji wa majina hayo ni watazamaji waliosimama kando ya shamba. Msomaji, katika insha hii nataka tulichunguze jina moja la namna hiyo. Wakulima wa vijiji vya Ayalandi walikuwa na desturi yao ya kupanda viazi katika matuta, na kwa Kiingereza tuta lao liliitwa kwa maneno yenye maana ya "tuta la mvivu." Kwanza tuitazame kazi yenyewe, toka mbegu mpaka akiba, kisha tuamue kama ilistahili kuitwa hivyo.

Huenda ukauliza sisi tuna shughuli gani na matuta ya nchi ya mbali. Shughuli tunayo. Katika Kenya kiazi mviringo huitwa kwa Kiingereza kiazi cha Ayalandi ili kitengwe na kiazi kitamu, ingawa asili yake si Ayalandi wala si Ulaya. Kwao ni milima ya Andes katika Amerika ya Kusini, ambako watu wa nchi ziitwazo leo Peru na Bolivia walikilima kwa maelfu ya miaka kabla ya meli za Wahispania kukivusha bahari katika karne ya 16. Kwetu kililetwa na Wazungu mwishoni mwa karne ya 19, na leo ni chakula kinachofuata mahindi kwa umuhimu. Mimi nilizaliwa katika nyanda za juu za Nyandarua, mahali ambapo baridi ya alfajiri huuma vidole na kiazi hustawi. Kwa hiyo nilipokipata kitabu cha E. Estyn Evans kiitwacho Irish Folk Ways, kilichochapishwa mwaka 1957, nilikisoma kama mtu anayesoma habari za jirani.

Ayalandi ni nchi ya mvua nyepesi zisizokoma na jua lisilo kali. Upande wake wa magharibi una mawe mengi na udongo mweusi wa kinamasi, ambao ukikamuliwa mkononi hutoa maji. Adui mkubwa wa mkulima huko si ukame. Adui wake ni maji yaliyotuama, ambayo huozesha mbegu kabla haijachipua. Lishike neno hili, msomaji, maana ndilo ufunguo wa mengi yatakayofuata.

Kazi ilianza majira ya baridi yakielekea mwisho. Mkulima alichukua kamba akapima kipande cha ardhi yenye majani, akakigawa katika mistari mirefu yenye upana wa futi 3 hadi 5, na kati ya mstari na mstari akaacha nafasi ya mtaro. Majani ya juu ya mstari hakuyalima. Alitandaza juu yake samadi ya ng'ombe, au, kama alikaa karibu na pwani, mwani uliotupwa na mawimbi au uliokatwa miambani. Mwani huo ulibebwa katika matenga, mgongoni mwa punda kwa aliyekuwa naye, na mgongoni mwa mtu kwa asiyekuwa naye.

Nyumbani nako kazi ilikuwako. Viazi vya mbegu vilikatwa kwa kisu, na mara nyingi kazi hii iliwaangukia wanawake. Kila kipande kilipaswa kuwa na jicho moja kwa uchache, kwa sababu kipande kisicho na jicho ni chakula kilichozikwa bure. Vipande hivyo vilipangwa juu ya samadi kwa nafasi zilizolingana. Kisha mkulima alishika sepetu yake. Sepetu ya magharibi ya Ayalandi haikufanana na hizi tunazozijua. Ilikuwa na mpini mrefu, bapa jembamba, na mahali pa kukanyagia upande mmoja tu. Kwa lugha yao huitwa láí. Kila wilaya ilikuwa na umbo lake la sepetu kufuatana na udongo wake, na wahunzi walizifua kwa kila namna iliyotakiwa. Kwa sepetu hiyo mkulima alikata bamba la udongo ukingoni mwa mtaro, akalipindua juu ya mbegu, majani yakielekea chini. Akafanya vivyo hivyo upande wa pili, mpaka mabamba mawili yakakaribiana katikati kama kurasa za kitabu kinachofungwa. Hatimaye alichota udongo uliobaki mtaroni akaumwaga juu. Chipukizi zilipotokeza, alirudi mtaroni kuchota udongo mwingine, akazizungushia ili viazi vinavyokua visipigwe na jua vikageuka rangi ya kijani.

Sasa unaweza kuona jina lile lilikotoka. Mgeni aliyezoea plau alitazama akaona kwamba ardhi iliyo chini ya tuta haikupinduliwa, akasema: watu hawa ni wavivu, wameruka nusu ya kazi. Lakini majani yale yaliyofunikwa yalioza polepole yakawa mbolea. Samadi ilikaa pale pale mizizi ilipoihitaji. Tuta lililoinuka lilipata joto upesi kuliko ardhi tambarare, na joto katika nchi ile ni mali. Mtaro nao ulipokea maji ukayapeleka mbali na mbegu, na mara nyingine kina chake kilipasua tabaka gumu la chini ambalo lilizuia maji yasizame. Plau isingeweza kupita katika kinamasi wala juu ya mawe yale. Sepetu iliweza, ikiwa nyuma yake pana mtu mwenye mgongo wenye nguvu na subira ya kukata bamba moja baada ya jingine kwa siku nyingi.

Jambo moja lilinishangaza kuliko yote. Matuta yao mengi yaliteremka na mlima, toka juu kwenda chini. Ningemwona mkulima wa Machakos au wa Nyandarua akifanya hivyo, ningemsihi aache, kwa maana kwetu mvua hunyesha kwa kishindo na udongo huenda na maji. Ndiyo sababu sisi huchimba matuta yanayokingama mteremko. Walakini mvua ya Ayalandi haipigi kwa kishindo, na aliyelima huko hakuogopa sana udongo kukimbia. Aliogopa maji kukaa. Mteremko mmoja unadai tuta literemke, na mwingine unadai tuta likingame, na wakulima wote wawili wana akili timamu. Anayehukumu tuta bila kuijua mvua ya mahali hapo huhukumu nusu ya jambo.

Neno hili naliandika kwa uchungu kidogo, kwa sababu nilipokuwa mtoto nilisikia mama yangu akiitwa mvivu. Alikuwa na desturi ya kuchanganya mimea katika kishamba chake: viazi, maharagwe, na mahindi machache pembeni. Bwana mmoja aliyekuja kutufundisha kilimo alisimama ukingoni na viatu vyake safi, akacheka, akasema kwamba mwanamke huyu hataki hata kutenga mistari. Mama hakumjibu, kwa kuwa yeye ni mtu wa heshima na yule alikuwa mgeni. Lakini jioni alituambia akitumenyea viazi, "Mvua ikikataa mahindi, maharagwe hunionea huruma. Ukungu ukija kwenye viazi, mahindi hayana habari." Maneno hayo sikuyaelewa siku ile. Niliyaelewa miaka mingi baadaye, niliposoma habari za Ayalandi.

Tuendelee na kazi, maana bado hatujavuna. Kama unadhani nimeikuza mno bidii ya watu wale, fikiri juu ya visiwa vya Aran, vilivyo kwenye bahari ya Atlantiki karibu na Galway. Mahali pengi katika visiwa hivyo pana mwamba mtupu. Watu walivunja mawe kwa nyundo, wakaziba nyufa, wakatandaza mchanga na mwani tabaka juu ya tabaka, wakakwangua udongo kidogo uliokuwa ndani ya nyufa za mwamba wakauongeza juu. Hivyo walitengeneza shamba mahali ambapo Mungu alikuwa ameweka jiwe, kisha wakapanda viazi vyao. Robert Flaherty alipiga filamu huko iitwayo Man of Aran, iliyotoka mwaka 1934, na ndani yake huonekana mwanamke akibeba mwani mgongoni juu ya miamba. Sijui ni jicho gani lingemtazama mama yule likaona uvivu.

Kalenda ya kiazi ilifungamana na kalenda ya dini. Wengi walianza kupanda karibu na sikukuu ya Mtakatifu Patrick, Machi 17, na wengine walipenda kutia mbegu chache ardhini siku ya Ijumaa Kuu kutafuta baraka. Kazi nzito haikufanywa na mtu peke yake. Majirani walikusanyika shamba kwa shamba katika kundi la kusaidiana liitwalo meitheal, leo kwangu, kesho kwako. Msomaji wa Kikuyu atalitambua mara moja kuwa ni ngwatio, na wa Kikamba atasema ni mwethya. Mjane hakuachwa na shamba lake tupu, na aliyekosa kwenda kwa wenzake hakuwa na uso wa kuwaita kwake.

Kati ya kupanda na kuvuna palikuwa na kipindi kigumu. Viazi vya mwaka uliopita vilikwisha au vilianza kuharibika, na vipya havijakomaa. Mwezi wa Julai ulijulikana kama Julai ya njaa, na nyumba nyingi zilipitisha siku kwa kabichi na chochote kilichopatikana. Hata hivyo kuchimba viazi kabla ya wakati kulihesabiwa kuwa ni dalili ya mkulima asiyejua kupanga mambo yake. Jumapili ya mwisho ya Julai ndiyo iliyokuwa siku ya furaha. Watu walipanda vilima, wakacheza, na katika nyumba nyingi viazi vipya viliwekwa mezani kwa mara ya kwanza. Máire MacNeill alikusanya habari za siku hiyo katika kitabu chake The Festival of Lughnasa cha mwaka 1962.

Mavuno makubwa yalikuja katika majira ya kupukutika majani, na Oktoba ilikuwa na shughuli nyingi. Wanaume walipindua tuta kwa sepetu, wakiangalia wasikikate kiazi. Wanawake na watoto walifuata nyuma wakiokota na kuchagua. Viazi vikubwa vilikuwa vya kula, vya kadiri vilitengwa kuwa mbegu, na vidogo vilipewa nguruwe na kuku. Akiba haikupelekwa ghalani. Ilirundikwa pale pale shambani katika rundo refu lenye mgongo kama paa la nyumba, likafunikwa kwa mabua makavu au manyasi ya kinamasi, kisha kwa udongo uliopigwa sepetu mpaka ukashikamana. Ndani ya rundo hilo baridi kali haikuingia, wala maji. Kiazi kibovu kimoja kikiachwa ndani kiliweza kuoza na kuozesha jirani zake, kwa hiyo kazi ya kuchagua ilitaka macho makali na haikutaka haraka.

Hapa, msomaji, ninakuona ukinyanyua mkono. Unataka kuuliza: ikiwa watu hawa walikuwa hodari kiasi hiki, ilikuwaje wakafa kwa njaa? Swali lako ni la haki, na insha isiyolijibu haina thamani.

Mwezi wa Septemba mwaka 1845 ugonjwa wa ukungu wa viazi ulionekana Ayalandi. Majani yalipata madoa meusi, shamba likanuka, na viazi vilivyochimbwa vikiwa vizima vikageuka uozo rundoni. Mwaka 1846 karibu mavuno yote yaliangamia, na mwaka 1847 ukabaki katika kumbukumbu za watu kwa jina la mwaka mweusi. Mpaka kufikia mwaka 1852 watu wapatao milioni 1 walikuwa wamekufa kwa njaa na kwa maradhi yafuatayo njaa, na wengine kama hao wamehama nchi. Sensa ya mwaka 1841 ilihesabu watu zaidi ya milioni 8. Ile ya mwaka 1851 ilihesabu milioni 6 na nusu hivi.

Sababu ya kwanza ilikuwa mbegu. Maskini wengi walipanda mbegu moja iitwayo Lumper, kwa kuwa ilizaa sana hata katika udongo dhaifu. Kiazi hupandwa kwa kipande cha kiazi, kwa hiyo mtoto ni sawasawa na mzazi, na shamba zima huwa kama mmea mmoja uliorudiwa mara elfu. Ugonjwa uliopata njia ya kuingia katika kiazi kimoja ulikuwa na ufunguo wa milango yote. Sababu ya pili ilikuwa ardhi. Mashamba mengi yalikuwa ya mabwana wenye milki kubwa, na wengine kati yao hawakuishi hata katika nchi hiyo. Kibarua alikodi kipande kidogo kwa msimu mmoja, akakilipia kwa jasho lake. Katika kipande kidogo hivyo hakuna zao jingine lililoweza kuilisha jamaa yake. Ekari moja ya viazi, pamoja na maziwa ya mtindi, iliweza kuishibisha nyumba kwa sehemu kubwa ya mwaka. Alipanda kiazi kimoja kwa sababu alibakiziwa nafasi ya kiazi kimoja. Ngano, shayiri na mifugo vilikuwako nchini, na katika miaka ile ile ya njaa viliendelea kupakiwa melini kwenda Uingereza, kwa kuwa vilikuwa vya kulipia kodi na kuuzwa.

Sababu ya tatu ndiyo inayoturudisha kwenye jina. Charles Trevelyan, afisa wa Hazina ya Uingereza aliyesimamia misaada, aliandika mwaka 1848 juu ya njaa hiyo akiiona kuwa ni kazi ya Mungu ya kuwatengeneza watu wale na desturi zao. Mwaka 1847 ilitungwa sheria kwamba mwenye kushika zaidi ya robo ekari asipewe msaada mpaka aiachie ardhi yake. Mtu alichagua: shamba au uji. Sheria kama hiyo haitungwi kwa urahisi juu ya watu wanaoheshimiwa. Kwanza huitwa wavivu. Jina likishakubaliwa, njaa yao huonekana kama adhabu, na mwenye chakula hulala usingizi. Hii ndiyo hatari ya jina baya: huua huruma kabla ya njaa kumuua mtu.

Miaka iliyofuata ilitoa jibu. Mwaka 1885 Millardet wa Ufaransa alitangaza dawa ya mrututu na chokaa kwa ugonjwa mwingine wa ukungu, ule wa mizabibu, na kabla karne haijakwisha wakulima wa Ayalandi walikuwa wakiinyunyizia viazi dawa za mrututu, wengine kwa ndoo na ufagio. Mwaka 1879 Michael Davitt na wenzake waliunda chama cha kudai haki za ardhi, na sheria ya mwaka 1903 ikawawezesha wapangaji wengi kununua mashamba waliyolima. Angalia basi, msomaji: hakuna aliyewafundisha watu hawa bidii. Sepetu ilibaki ile ile, na migongo ile ile. Walipopata dawa, mbegu za namna nyingine, na ardhi iliyo yao, tuta lile lile liliwalisha.

Sisi tunapaswa kuyasikia haya. Ugonjwa huo ulionekana Kenya mwaka 1941, na mpaka leo mkulima wa Nyandarua, Meru au Molo huutazama ukungu wa asubuhi kwa wasiwasi. Mbegu iitwayo Shangi imeenea mashambani mwetu kupita nyingine zote, kwa sababu hukomaa upesi na sokoni haikai. Siisemi vibaya. Nasema tu kwamba anayepanda mbegu moja huweka akiba yake yote katika mfuko mmoja, na vipande vya ardhi vinavyogawanywa kila kizazi vinazidi kutunyima nafasi ya kupanda vingine.

Kati ya mwaka 1937 na 1939 wanafunzi wa shule za Ayalandi wapatao 50,000, wengi wao wenye umri wa miaka 11 hadi 14, walitumwa na tume ya mila ya nchi yao wawaulize wazee habari za zamani na kuziandika katika madaftari. Moja ya mada walizopewa ilikuwa kilimo cha viazi: tuta hupimwaje, mbegu hukatwaje, nani humsaidia nani. Madaftari hayo yamehifadhiwa Dublin katika chuo kikuu, na ndiyo ushahidi ulioandikwa kwa mkono wa watoto wa wakulima wenyewe. Watazamaji walikuwa wamekwisha kutoa jina. Watoto wakatoa habari. Wewe uliye shuleni una kalamu kama yao, na wazee unao.

Katika milima ya magharibi ya Ayalandi, kama pale kisiwani Achill karibu na kijiji kilichohamwa cha Slievemore, matuta ya zamani yangali yanaonekana chini ya majani. Hayapandwi kitu tena. Jua linapoinama, vivuli vyake huonyesha mstari baada ya mstari mpaka juu ya mteremko, mahali ambapo hata kondoo huona taabu kupanda. Ukisikia mtu yeyote akiita kazi ya wengine uvivu, muulize kwanza kama amewahi kuhesabu matuta yao.